Ukuta ulianguka, mbona furaha ilishuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu alituonyesha grafu ya Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, 1989, lakini mstari wa watu kuridhika na maisha unaporomoka kati ya 1990 na 1991. Ina maana waliupenda utawala wa zamani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tazama kwanza mstari unaanzia wapi. Utafiti wa kaya uliozaa grafu hiyo uliingia Mashariki Juni 1990, miezi saba baada ya ukuta kufunguliwa, shangwe bado zikirindima. Watu walitakiwa kujipa alama, 0 hadi 10, wameridhika kiasi gani na maisha yao. Enzi ya chama kimoja haina hata nukta moja kwenye grafu hiyo. Kinachopimwa hapo ni fungate na mwaka uliofuata.

Mwaka wenyewe ulikuwa mchungu. Julai 1, 1990 marki, fedha ya Ujerumani Magharibi, ilianza kutumika Mashariki, na mishahara ikabadilishwa marki moja ya zamani kwa marki moja mpya. Siku ya mshahara mfanyakazi alichekelea. Kiwanda chake, chenye mitambo kuukuu, ndicho kilichobanwa: kilitakiwa kulipa kwa fedha hiyo yenye nguvu, ilhali wateja wake wa Poland na Umoja wa Kisovyeti hawakuwa nayo. Naye mfanyakazi huyohuyo akaenda kununua gari la mtumba kutoka Magharibi. Trabant, gari dogo la Ujerumani Mashariki lililokuwa likisubiriwa zaidi ya miaka 10, likakosa mnunuzi. La mwisho lilitoka kiwandani Zwickau Aprili 30, 1991.

Kazi ilipopotea, iliondoka na kantini ya kiwanda, na mara nyingi na nafasi ya mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto. Ndiyo maana ukiuliza jambo mojamoja, majibu yanapishana: alama za bidhaa madukani na mazingira zilipanda, za kazi na malezi ya watoto zikashuka. Alama ya jumla huufunika mvutano huo wote.

SWALI: Basi grafu ya namna hii niikague vipi?

JIBU: Soma swali lililoulizwa neno kwa neno, kuridhika na maisha si sawa na kuulizwa kama jana ulicheka. Angalia kama waliohojiwa ni walewale kila mwaka. Kisha ulizia waliohamia Magharibi wamehesabiwa upande gani. Wengi wao walikuwa vijana, na ukiwaondoa, wastani wa waliobaki utasogea ingawa hakuna hata mmoja aliyebadilisha jibu lake.