Usianzie ofisini kwa prefe: niliyojifunza nikiandika historia ya shule yetu ya wasichana hapa Goma

Waliponiomba niandike historia ya shule yetu kwa ajili ya jubilei, nilikubali hata kabla hawajamaliza kusema. Nilisoma pale miaka sita, diploma nilipatia pale, nikajua wiki mbili zinanitosha. Ilinichukua miezi minane, na jambo kubwa kuliko yote nikalikosea.

Kama nawe umetwishwa kazi hii, usianzie ofisini. Mimi nilianzia huko. Mama prefe, yaani mkuu wa shule, akanifungulia kabati: rejesta zote zinaanzia Septemba 2002. Za nyuma ziko wapi? Akanyoosha kidole dirishani, kwenye mawe meusi tunayokalia wakati wa mapumziko. Volkano ya 17 Januari 2002 ilikata mji hadi ziwani, kanisa kuu la Mtakatifu Joseph likaenda, na ofisi yetu nayo. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na godoro kichwani. Nani angekumbuka rejesta?

Kumbe wapo waliobeba karatasi zao. Mama mmoja wa mtaa wa Birere alinifungulia sanduku la chuma, akaondoa vitenge kimoja kimoja, chini kabisa akatoa mfuko wa plastiki wenye buletini, yaani ripoti za alama, za binti yake. "Mwanangu, nyumba unajenga tena. Hii nani angenipa tena?" Tulizitandaza sakafuni karibu na mlango, kwenye mwanga, nikazipiga picha. Moja nilitaka kuipita kwa sababu alama zake hazikuwa na la ajabu. Mama akaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na hesabu ya minervali, yaani ada ya shule, ya 1993, na mstari wa mwisho ulisema: maharagwe debe moja, deni limeisha. Miaka ile sarafu yetu, zaire, ilikuwa ikipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, serikali imeacha kuwalipa walimu, na wazazi ndio waliokuwa wakishikilia shule. Kwa hiyo geuza kila karatasi. Mbele ni shule inavyotaka kuonekana.

Karatasi isiyo na tarehe isikutishe. Ikiwa juu imeandikwa Zaire, jina la zamani la nchi yetu, ni ya kabla ya Mei 1997. Majina ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Mobutu alikataza majina ya Kizungu mwaka 1972, kwa hiyo wanafunzi wetu wa kwanza wameandikwa bila jina la ubatizo. Miaka ya 1990 majina hayo yakarudi. Mimi nilihesabu wasichana wawili, mmoja wa orodha ya zamani na mmoja wa orodha mpya, hadi dada mwenyewe aliponicheka kwenye simu: wote wawili ni yeye.

Halafu kuna ugomvi wa mwaka wa kuanzishwa. Kwetu watu walitofautiana kwa miaka mitatu, na wazee wawili walikaribia kununiana. Usimpe mmoja ushindi haraka. Uliza: ilianza nini? Kibali cha wizara ni kitu kimoja, somo la kwanza ni kingine. Kumbuka kwamba Desemba 1974 dola ilichukua hata shule za makanisa, ikarudisha usimamizi wake kwa makanisa mwaka 1977, na sheria iliyopanga elimu upya, pamoja na shule za binafsi, ni ya 22 Septemba 1986. Shule nyingi zilifundisha kwanza, karatasi zikafuata. Yetu ilianzia sebuleni mwa mtu, na viti vikitoka kila nyumba.

Na hapo ndipo nilipokosea. Niliandika mwanzilishi ni yule baba aliyetia sahihi barua za wizara. Siku ya jubilei, kitabu kimeshachapwa, mwenye sebule alikuwa amekaa safu ya tatu. Mama huyo alijifunza cherehani kwenye foyer social, kituo cha kufundishia wanawake kazi za nyumbani, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu msichana wa wakati wake hakuwa na mengi ya kusomeshwa: Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kumaliza sekondari, alimaliza 1961. Sketi za bluu za wanafunzi wa kwanza alizishona yeye. Nilikuwa nimekunywa chai kwake mara mbili nikimuuliza habari za yule baba! Yeye mwenyewe hata swali moja sikumwuliza. Tulibandika karatasi ya marekebisho ndani ya kila nakala, gundi ikakunja kurasa.

Tafuta pia wasiomaliza. Kwenye sherehe huwaoni. Mmoja anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Virunga. Alitoka darasa la nne kwa sababu pesa ya mwaka ule ilimtosha kaka yake tu. Alinipa majina kumi na moja ya darasa lake bila kusita, na mahali alipokaa kila mmoja. Hakuna mwenye diploma aliyenipa hata nusu ya hayo.

Picha zote sasa ziko mahali patatu: shuleni, kwangu, na kwa dada yangu Bukavu. Nilimwomba mama wa Birere aziache buletini zenyewe shuleni, zipate kutunzwa vizuri. Akacheka, akaanza kurudisha vitenge vyake juu ya mfuko. Akasema kabati la shule alishaliona likiungua.