NASM inagomea mov [rbx], 5: dword ikae nje ya mabano au ndani?

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini NASM (asembla, yaani programu inayogeuza amri za prosesa kuwa msimbo wa mashine) inakataa `mov [rbx], 5`, kwa nini `mov dword ptr [rbx], 5` uliyoikuta kwenye kitabu nayo inagoma, na kama kuandika `[ebx]` badala ya `[rbx]` ndiyo njia ya kusema unataka biti 32. Mawili ya kwanza ni mepesi. Hilo la tatu lilinikosesha usingizi siku mbili.

Tano haina ukubwa, na rejista rbx hapo imebeba anwani ya kumbukumbu tu. Unataka kuandika baiti 1, 2, 4 au 8? NASM haibahatishi. Tazama baiti inazozalisha (kwa hex) ukiitajia byte (baiti 1), word (2) au dword (4):

`mov byte [rbx], 5` → C6 03 05
`mov word [rbx], 5` → 66 C7 03 05 00
`mov dword [rbx], 5` → C7 03 05 00 00 00

Ukiandika `mov [rbx], eax` huna haja ya kutaja kitu, rejista yenyewe imeshasema. Hiyo `ptr` ni ya MASM, asembla ya Microsoft; NASM ya kawaida haiijui. Tena MASM inakumbuka: ukitangaza `hesabu dd 0` (dd ni nafasi ya baiti 4), `inc hesabu` inapita. NASM haikumbuki, na ni kwa makusudi. Lazima `inc dword [hesabu]`. Wa mtindo wa AT&T, namna nyingine ya kuandika amri hizihizi, wanabandika herufi kwenye amri: `movl $5, (%rbx)`, yaani b, w, l, q kwa baiti 1, 2, 4, 8. Mimi macho yangu hayajawahi kuuzoea, ila ni suala la ladha.

Sasa `[ebx]`, ambayo ni biti 32 za chini za rbx. Nilikuwa nahamisha programu yangu ya biti 32 kwenda 64, nikasahau `mov eax, [ebx]` moja ndani ya kitanzi. NASM haikulalamika hata kidogo, kwa sababu ni halali: inaweka baiti 67 mbele (67 8B 03) na prosesa inatumia biti 32 za chini tu za anwani. Kilichobaki 32 ni anwani, si data! Data hapo inaamuliwa na eax.

Ubaya ni kwamba ilifanya kazi. Data yangu ilikuwa kwenye `.data`, karibu na 0x402000, na anwani fupi hivyo haipotezi chochote ikikatwa. Siku nilipoipa bafa iliyoko kwenye steki, anwani ya aina ya 0x7ffd5c3a1e40 ikabaki 0x5c3a1e40, Linux ikaiua programu palepale. Nililaumu kila kitu isipokuwa mstari ule, mpaka nilipopitisha `objdump -d -M intel`, inayoonyesha msimbo wa mashine kama amri, nikaiona ile 67 imekaa peke yake kati ya amri zote.

Na lile swali la kwenye kichwa, dword ndani ya mabano: inakubalika, ila maana yake ni nyingine kabisa. `mov eax, [rbx+3]` ni 8B 43 03. `Mov eax, [dword rbx+3]` ni 8B 83 03 00 00 00. Ile 3 tu ndiyo imepanuliwa ikawa baiti nne. Kwa hiyo `mov [dword rbx+3], 5` bado itagoma. Itoe nje: `mov dword [rbx+3], 5`.