Jifunze mpangilio kabla ya kuchuja

Wenzangu mnaoanza kutunza jumuiya za mijadala kwenye mitandao kama Lemmy na Mastodon, ambayo seva zake zinazojitegemea huwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) moja ya ActivityPub, nawasihi msikimbilie vichujio vya kuficha machapisho kabla hamjaelewa machapisho yanapangwaje.

Tulipoanzisha jumuiya ya wavuvi wa dagaa hapa Kigoma kwenye Lemmy, tulilalamika kwa majuma kadhaa kwamba matangazo ya bei hayaonekani, kumbe kosa lilikuwa letu wenyewe. Mpangilio wa machapisho yanayovuma hupima kura kwa logi, yaani kila kura inayoongezeka huongeza nguvu kidogo kuliko iliyotangulia, hivyo chapisho lenye alama 97 (kura za kuunga mkono ukiondoa za kupinga) lina nguvu takribani mara 2 tu ya lile la alama 7 lililowekwa wakati uleule. Kinacholizamisha ni muda: likishatimiza saa 10 tangu liwekwe, uzito wake umeshuka takribani mara 25. Mvuvi aliyeingia ziwani wakati wa magharibi na kurudi alfajiri hawezi kulikuta tangazo la jioni mahali lilipokuwa. Tulihamia mpangilio unaohesabu muda tangu maoni ya mwisho, na tangazo lililojibiwa usiku likawa linamsubiri juu. Katika ukurasa unaochanganya jumuiya zote, chagueni mpangilio unaozibeba jumuiya zenye watu wachache, maana bila huo wakubwa watawafunika daima.

Vichujio vya maneno vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa Kiswahili hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Nilipochoshwa na siasa nilichuja “kura” kwenye Mastodon bila kuweka sharti la neno zima, nikapoteza pia “kurasa” na “kurahisisha”. Nilipoliweka sharti hilo kwa “chagua”, “wamechagua” na “tutachagua” yakapita bila kizuizi. Hakuna njia ya mkato: andikeni maumbo mnayoyaona mara kwa mara, moja baada ya jingine.

Kwa upande wa lugha, msichague Kiswahili peke yake kwenye Lemmy mkaliacha chaguo la “lugha isiyobainishwa”, kwani wengi wetu hatuna mazoea ya kuweka alama ya lugha tunapoandika.

Kichujio kipya kiwekeni kwanza katika hali ya kufunika kwa onyo, mfungue kilichofunikwa kwa juma zima, ndipo mwamue kama kinastahili kufichwa kabisa.