Ukipangiwa Kemia Dodoma, anza na maji

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kufundisha Kemia Dodoma mjini, Chamwino, Bahi au Kongwa, karibu sana. Pengine umeshakabidhiwa ufunguo wa maabara, kabatini umekuta bureti chache (mirija ya kioo yenye alama za ujazo na koki chini) na chupa zenye lebo zilizofifia, na kidato cha nne wanakusubiri uwafanyishe titresheni, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo kwenye besi na kupima kiasi kinachoimaliza. Nina mengi ya kukwambia, lakini kubwa ni hili: majibu ya wanafunzi wako yanaweza kuharibika kabla hata mmoja wao hajashika bureti. Yanaharibikia kwenye maji uliyotumia kuandaa miyeyusho.

Sehemu kubwa ya maji ya mjini Dodoma kwa miaka mingi imetoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na vijijini wengi wanategemea visima. Maji ya ardhini hubeba chumvi za miamba. Chungulia ndani ya birika la nyumbani: lile gamba jeupe ni kalsiamu kaboneti, iliyobaki baada ya bikaboneti kuvunjwa na moto. Kwa chai si neno. Kwa titresheni ni tatizo kubwa, kwa sababu bikaboneti inakula asidi. Ukizimua asidi kwa maji hayo, sehemu yake inaliwa humo humo kwenye chupa, na lebo yako ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) haisemi tena kweli.

Tuseme lita moja ya maji ya bomba ina bikaboneti ya kumaliza milimoli 5 za asidi. Asidi haidrokloriki uliyokusudia iwe 0.1 M inabaki 0.095 M. Mwanafunzi akipima sentimeta za ujazo 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, alitakiwa asome 25 kwenye bureti. Sasa anasoma 26.3. Kama na kaboneti yenyewe umeiyeyusha kwa maji hayo hayo, kosa linaongezeka. Mtoto hakukosea kitu. Alipima vizuri, akasoma vizuri, akakokotoa vizuri, akapata jibu baya, na wewe ukamwekea mkasi. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la maabara, kwa sababu linamfundisha mtoto makini kwamba umakini wake hauna faida.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza, kabla ya jambo lolote, yapime maji. Weka sentimeta za ujazo 25 za maji ya bomba kwenye chupa ya koniko, tia matone mawili ya methili orenji (kiashiria cha njano penye besi na chekundu penye asidi), kisha dondoshea asidi ya 0.1 M iliyoandaliwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi. Maji safi yanabadilika rangi kwa tone la kwanza au la pili. Maji ya mfano wetu hapo juu yangekunywa sentimeta za ujazo 1.25 kabla hayajaacha unjano. Fanya jaribio hilo mbele ya wanafunzi, wajionee.

Maji yaliyokenekwa ni ghali kwa shule nyingi, najua. Yatumie kwa kuandaa miyeyusho na kwa suuza ya mwisho ya vyombo. Kuosha kwa kawaida tumia ya bomba. Wengi wetu hununua maji ya betri kwenye maduka ya vipuri. Yanafaa, lakini hakikisha kwanza si asidi ya betri: yaguse kwa litimasi ya buluu, isigeuke nyekundu, halafu tia tone la silva naitreti, ambayo hutoa ukungu mweupe penye kloraidi. Yakibaki maangavu, endelea. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo safi nayo yanasaidia, lakini usikinge ya mvua ya kwanza iliyopita kwenye bati lenye vumbi la kiangazi kizima.

Jaribio hilo la silva naitreti litakuokoa pia kwenye utambuzi wa chumvi. Ukiyeyusha sampuli kwa maji ya bomba yenye kloraidi, darasa zima litaona ukungu mweupe na kuandika kloraidi ipo, hata kama chumvi uliyowapa ni salfeti.

Tukija kwenye mizani: sodiamu kaboneti isiyo na maji ni gramu 5.3 kwa lita ili upate 0.05 M. Ile ya fuwele yenye maji ndani yake ni gramu 14.3 kwa lita hiyo hiyo. Chupa hizi mbili hukaa rafu moja, na unga uliokaa wazi muda mrefu huvuta unyevu, basi soma lebo mpaka mwisho na ukaushe unga kwa moto kabla ya kupima. Andaa myeyusho wa darasa zima kwenye chombo kimoja, uchanganye sawasawa, ndipo ugawe. Ukiandaa ndoo mbili, una madarasa mawili yenye majibu mawili. Asidi kali imimine ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Kisha fanya titresheni yako mwenyewe kabla ya wanafunzi kuingia. Namba utakayopata ndiyo utakayosahihishia.

Wakishaingia, mambo ni yale yale unayoyajua, ila yasimamie kwa macho yako. Bureti isuuzwe kwa asidi, pipeti kwa besi (hapa ni ile kaboneti), chupa ya koniko kwa maji yaliyokenekwa tu. Hapa ndipo wengi hukosea, wanaisuuza koniko kwa besi wakidhani ni usafi zaidi. Faneli itolewe kabla ya kusoma. Inama utazame ncha ya bureti chini ya koki: kiputo cha hewa kikikaa pale na kutoka katikati ya kazi, kinahesabiwa kama asidi. Pipeti isipulizwe mwishoni; iguse ukuta wa chupa, tone linalobaki liache. Karibu na mwisho, rangi ya chungwa inatokea na kupotea kila ukitikisa. Hapo ni tone kwa tone. Ikigeuka nyekundu umeshapita, na hakuna kurudi. Usomaji uwe wa desimali mbili, jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa kioevu, na majibu yanayokubalika yasipishane zaidi ya 0.2.

Kwenye kasi ya mmenyuko, ule wa thayosalfeti na asidi ambapo mnapima muda hadi ukungu wa salfa uifiche alama ya X iliyo chini ya bika, adui wako ni joto la siku. Asubuhi ya Julai hapa ni baridi. Mchana wa Novemba, wakati wa mtihani wa taifa, ni joto hasa. Nyuzi 10 zikiongezeka, kasi huweza kufika karibu mara mbili. Kundi moja limalize vipimo vyote kwa mfululizo, na anayetazama X awe yule yule mmoja. Madirisha yawe wazi, kwa sababu ya salfa dayoksaidi.

Jambo jingine la Dodoma: mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Usitupe kipimajoto kwa sababu hakifiki 100, na mwanafunzi aliyeandika 96 usimwambie abadilishe aandike kilichomo kitabuni.

Baada ya kipindi, usikubali vyombo viachwe na myeyusho ndani. Alikali iliyokaukia kwenye koki ya kioo huigandisha, na matone ya maji ya bomba huacha utando mweupe unaoziba alama za bureti. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyokenekwa, koki iachwe wazi, bureti ifungwe kwenye stendi kichwa chini hadi kesho.