Maswali ya Wasomaji: Vichwa Viwili vya Treni, Namba Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu mkubwa, aliyekuwa baharia, alituachia kichwa kidogo cha treni cha Hornby, kampuni ya Uingereza inayotengeneza mifano ya treni; ni cha kijani, chenye jina Flying Scotsman na namba 4472. Alikileta nyumbani kati ya mwaka 1980 na 1985. Hivi karibuni nimenunua kingine mnadani, chenye jina, rangi na namba zile zile. Watoto waliviweka pamoja kabatini, nami sikuwahi kukichunguza cha marehemu alipokuwa hai. Jirani anasema cha zamani ni kile chenye kutu na rangi iliyofifia. Je, ni kweli?
Msomaji, Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amekutakia mema, lakini usiifuate kutu. Kwa hewa ya chumvi ya Upanga, skrubu na ekseli za chuma huweza kushika kutu ndani ya masika machache tu, na rangi ya kitu kinachokaa karibu na dirisha hufifia hata kama kilinunuliwa juzi.

Namba nayo haitakusaidia, na hapa ndipo wengi hupotea. Kichwa halisi kilijengwa Doncaster, Uingereza, mwaka 1923, kikapewa namba 4472 mwaka 1924, kisha kikawa 60103 baada ya reli za nchi hiyo kutaifishwa mwaka 1948. Kwa hiyo namba iliyochorwa ubavuni hukuambia mfano huo unaonyesha kipindi gani cha maisha ya treni halisi, wala haikuambii mfano wenyewe ulitoka kiwandani lini. Hornby wametengeneza 4472 mara nyingi kwa miongo kadhaa, wakibadilisha vilivyomo ndani huku sura ya nje ikibaki karibu ile ile.

Tandika kitambaa laini mezani, uvilaze vyote viwili chali, kisha utafute mota iko wapi. Katika vichwa vingi vya Hornby vya mwishoni mwa miaka ya 1970 na vya miaka ya 1980, mota haikukaa ndani ya kichwa chenyewe bali katika behewa dogo la makaa lililo nyuma yake, ambalo ndilo lililosukuma treni nzima. Ukiona magurudumu ya behewa hilo hayazunguki kwa urahisi unapoyagusa kwa kidole, na baadhi yake yamevalishwa mipira myembamba ya kuzuia utelezi, basi kwa maelezo uliyonipa hicho ndicho cha baba yako mkubwa. Katika matoleo mengi ya karne hii mota imerudishwa ndani ya kichwa, na behewa la makaa huviringika lenyewe bila kizuizi. Mimi huuamini ushahidi huu kuliko mwingine wote, kwa sababu rangi hupakwa upya na sanduku hubadilishwa, lakini ni watu wachache mno watakaojisumbua kuhamisha mota.

Soma pia maandishi ya chini kwa lenzi. Hornby walihamishia uzalishaji wao China katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, hivyo neno Uingereza au China, kwa Kiingereza, litakupa mpaka mzuri wa miaka. Halafu tazama mabomba na vishikio vya mikono: kwenye matoleo ya zamani mengi ni mistari iliyoinuka juu ya plastiki, ilhali kwenye mapya ni vipande vya waya vilivyopachikwa kimoja kimoja. Soketi ndogo ya kuchomekea dikoda, yaani kifaa kinachopokea amri za kuendesha treni kwa mfumo wa kidijitali, nayo ni dalili ya toleo jipya.

Nakuomba usikiwashe cha marehemu kabla fundi hajakisafisha na kukitia tone la mafuta mepesi, kwani grisi iliyoganda kwa miaka mingi huweza kuunguza mota.

SWALI: Sanduku la kichwa changu cha treni limeandikwa Tri-ang Hornby. Ni la miaka gani?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Kampuni ya Uingereza ya Lines Bros, iliyomiliki jina la Tri-ang, iliinunua kampuni ya Meccano, iliyomiliki jina la Hornby, mwaka 1964, na majina hayo mawili yakaunganishwa mwaka 1965. Lines Bros ilipoanguka mwaka 1971, jina la Tri-ang liliondolewa, na kuanzia mwaka 1972 masanduku yakaandikwa Hornby Railways. Sanduku lako, basi, ni la kati ya mwaka 1965 na 1971 au karibu na hapo. Kama kichwa kilichomo ni cha miaka hiyo hiyo ni jambo jingine, na utalijua kwa kukigeuza na kusoma maandishi ya chini.