Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo Jioni ya Afrika

Mwanangu,

Marahaba, na mkwe wangu na mjukuu wangu nawasalimu. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta sokoni hapa Muheza, kwenye kelele za wauza mitumba, sikuambulia kitu. Nikausikiliza tena usiku. Unasema parokia yenu huko Philadelphia imetoa ratiba ya msimu huu wa majani kupukutika, kuanzia Septemba hadi Majilio, na mama padre amekuomba usimamie Jioni ya Afrika, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi: chakula, nyimbo, kanga ukutani, na wewe usimame mbele uwaelezee watu. Unaniuliza ukubali au ukatae, maana zamu za usiku zimekubana, na mpaka Krismasi ifike una nafasi ya jambo moja tu.

Picha ya ratiba nimeikuza nikaisoma mstari kwa mstari. Mambo ni yale yale niliyoyakuta nilipokuja kukulea uzazi. Kwaya inarudi baada ya likizo ya kiangazi. Shule ya Jumapili inafunguliwa. Wanyama wanabarikiwa tarehe 4 Oktoba, siku ya Fransisko wa Asizi. Kuna kadi za ahadi, makoti ya kukusanywa kabla baridi haijaanza, jioni za supu, marehemu wa Novemba. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kundi la altare, wale wanaotunza vitambaa na vyombo vya ibada, Jumamosi asubuhi, wanatafuta mtu mmoja.

Kitu ambacho sijakizoea hadi leo ni hiyo desturi ya kanisa zima kwenda likizo. Kwetu kwaya ikinyamaza Jumapili mbili mfululizo, watu wanaanza kuulizana nani kagombana na nani.

Sasa nikujibu. Ila kwanza, unalikumbuka lile sinki?

Najua utacheka. Mumeo alicheka siku ile ile. Lakini nataka nikusimulie tena, kwa sababu wewe ulikuwa na mtoto mchanga mkononi na hukuona yote. Ilikuwa ile Jumapili yao ya kurudi, mwezi wa tisa, chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kila nyumba na bakuli lake. Mimi nilipika maharage ya nazi, yakaisha, na sisemi kwa kujisifu, sufuria walilikwangua. Watu walipomaliza kula nikafunga kanga kiunoni nikaingia jikoni. Mimi ni mwanamke wa kanisa tangu nizaliwe. Sijawahi kula kwenye karamu ya kanisa nikaacha vyombo.

Nilikuwa nimeshakunja mikono na sufuria ya kwanza nimeitia majini. Yule mama msimamizi wa jiko akaja, anatabasamu, akaitoa sufuria mikononi mwangu taratibu, akanifuta mikono kwa taulo kama mtoto, akanishika bega mpaka kwenye kiti. Wewe ukatafsiri: "Mama, wanasema wewe ni mgeni wa heshima." Nikaletewa ile chai yao ya kamba, haina maziwa, haina tangawizi. Akaja bwana mmoja akaniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikasema bado. Akaja mwingine akaniuliza hilo hilo. Nikasema bado. Huku nyuma nawasikia wanawake wanacheka jikoni, vyombo vinagongana, na mimi nimekaa na heshima yangu.

Unajua neno langu, umelisikia tangu ukiwa na ndala za shule: mahali ambapo hujaosha sufuria, hapo wewe ni mgeni. Kukaribishwa wanaweza kukukaribisha mwaka mzima, na bado ukawa mgeni.

Tena nisiwaonee. Walinipenda watu wale. Walinipa koti, koti zuri, ninalo mpaka leo ingawa Muheza sina pa kulivalia. Waliniletea supu ulipokuwa huwezi kusimama. Na sisi je? Wale wageni wa dayosisi rafiki walipokuja hapa, si tuliwapanga kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na soda yake, tukawaimbia? Mmoja wao, mzee, alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Aliliona lile bomba la nyumba ya padre linalovuja, akaomba spana. Tukamkatalia wote kwa pamoja, mgeni hafanyi kazi! Marehemu baba yako peke yake ndiye aliyenung'unika, akataja jembe la siku ya tatu. Hakusikilizwa. Mzee wa watu akaondoka, na bomba likaendelea kuvuja. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Wamarekani peke yao. Lakini wangu bado unaniuma, wa yule mzee sijui kama ulimuuma.

Nilifikiri pia habari ya Absalom Jones uliyonisimulia tulipokuwa tunapita mjini. Mtu aliyezaliwa utumwani, akapata uhuru wake, akawa anasali na wenzake katika kanisa la Wamethodisti hapo Philadelphia, na siku moja wakaja kuwainua wangali wamepiga magoti, katikati ya sala, kwa sababu ya rangi yao. Wakatoka. Mwaka 1794 wakafungua kanisa lao la Mtakatifu Tomaso, likaingia katika Kanisa la Episkopali, ndio Waanglikana wenzetu wa Marekani, naye akaja kuwa padre wa kwanza mweusi katika Kanisa hilo. Nilipokuwa nimekaa na chai yangu nilijaribu kujilinganisha naye, nikajionea aibu. Yeye aliinuliwa magotini kwa nguvu, mimi nilikalishwa kitini kwa upole. Si jambo moja hata kidogo. Ila yeye na wenzake walipotoka walijenga mahali ambapo ufunguo wa jiko ulikuwa wao. Hilo ndilo ninalolishika katika habari yake, wewe shika lako.

Basi usidhani nilirudi na uchungu mtupu. Kuna jambo ambalo sikukusimulia vizuri, kwa sababu ulikuwa kwenye gari unamnyonyesha mtoto.

Ile Jumamosi ya Oktoba tuliyokwenda kurudisha birika kubwa la kahawa, niliingia nalo mwenyewe, nikapotea njia, nikajikuta sakristia, chumba cha vyombo vya ibada. Humo alikuwemo bibi mmoja mwembamba, mzee kuliko mimi, anapiga pasi vitambaa vya altare. Nikasimama mlangoni. Akachukua kile cha mraba kinachotandikwa chini ya kikombe, akakikunja upande mmoja, akakikunja upande wa pili, akageuza, akakunja tena mara mbili, upande wa juu ukiwa ndani. Kikifunguliwa kinaonyesha miraba tisa. Mwanangu, moyo uliniruka. Hivyo hivyo! Hivyo hivyo bibi yako alivyotufundisha, naye alifundishwa na masista wa Magila wa shirika alilolianzisha Askofu Weston mwaka 1911, na alikuwa akitupiga vidole tukikunja vibaya, kwa sababu chembe ya Mwili wa Bwana ikibaki lazima ibaki ndani ya mikunjo, isimwagike.

Sikumwomba ruhusa. Niliweka birika chini, nikachukua kitambaa cha pili kutoka kwenye kapu, nikakikunja. Akaniangalia mikono. Hakuniangalia usoni hata kidogo, aliangalia mikono tu, mpaka nikamaliza. Halafu akasogea pembeni, akalisukuma kapu katikati yetu. Tukaendelea. Kiingereza changu unakijua, na yeye hakuwa msemaji. Tulipofika kwenye vile vya kufutia kikombe, akanionyesha sinki dogo ukutani, lenye kifuniko, bomba lake haliendi kwenye maji machafu, linashuka moja kwa moja ardhini. Nikacheka kwa sauti. Sisi hatuna sinki hilo, ila maji ya kwanza ya vitambaa vile tunayamwaga kwenye udongo nyuma ya kanisa, mahali pasipokanyagwa, na ole wa mtoto atakayeruka hapo. Nikajaribu kumwonyesha kwa vitendo: udongo, kumwaga, mtoto, kofi. Akaelewa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa miguu yangu, akanipa pasi.

Unajua nilikuja kwenu na maneno tumboni kuhusu padre mwanamke. Dayosisi zetu hizi za wamisionari wa uvumba, Waanglikana wa ibada za kama Kikatoliki, hazikulelewa hivyo. Wewe ukaniambia kwamba ni katika mji huo huo wanawake 11 waliwekewa mikono, tarehe 29 Julai 1974, na Kanisa lao lilikuja kukubali rasmi mwaka 1976. Nilitaka kubishana na yule bibi juu ya hilo, maana kwa umri wake bila shaka aliyaona. Lugha ikanikosa, na pengine ndiyo salama yangu. Sasa ubishi huo simo. Au nimo kidogo. Mama padre alipombariki yule mbwa mkubwa kama ndama, mbwa akatulia kimya kuliko wanakwaya wetu, nilisema moyoni basi, yaishe.

Na Novemba ilipofika, yule bibi akanisogezea karatasi ya kuandika majina ya marehemu watakaosomwa. Nikaandika baba yako. Nikaandika bibi yako na babu zako wote wawili. Kalamu ilikuwa bado mkononi, nikaongeza Frank Weston, yule askofu wa masista. Si alifariki hapo Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku yenyewe ya Marehemu Wote? Bibi yako asingenisamehe kumwacha. Siku ya ibada msomaji akayasoma majina, Mmarekani huyu, Mmarekani yule, jina la baba yako akalivunja vipande vitatu, na katikati yao "Frank Weston" likatoka sawasawa kama la mjomba wa mtu wa mtaani kwao. Hakuna aliyegeuka. Askofu wa Zanzibar, kapita bila paspoti! Bibi wa sakristia akaja baadaye kuniuliza huyu Frank ni nani. Nikamchorea kofia ndefu hewani kwa mikono miwili, nikaonyesha mbali, ng'ambo ya bahari. Akaniangalia sana. Nadhani alifikiri niliwahi kuolewa na mpishi.

Nimekwenda mbali na swali lako, najua.

Jioni ya Afrika si jambo baya. Mjukuu wangu atamwona mama yake amesimama mbele za watu, nyimbo za kwetu zitasikika kwenye ukumbi ule, na pilau itawafunza adabu. Anayekuomba ameomba kwa nia njema, na nia njema si ya kutupwa. Kwa upande mwingine, Afrika nzima utaibeba vipi Ijumaa moja, wewe mtoto wa Muheza? Yule mama wa Nigeria atakaa meza gani? Na wale Wakongo waliohamia karibuni, nao watakuwa watazamaji wa Afrika yao? Tena nikiri ninachokiogopa hasa: utasimama, utaeleza, watapiga makofi, na Jumapili inayofuata wewe ni yule aliyeeleza. Watakuuliza habari za theluji. Mahali ambapo hujaosha sufuria... haya, nimeshasema.

Lakini huenda najibu la kwangu badala ya lako. Wewe umekaa huko miaka, una marafiki, unajua nani anayekualika kwa sababu anakupenda na nani anayetafuta wa kujaza ratiba. Mimi nilipita tu. Kwa hiyo sisemi ukatae. Nimeuma ulimi, na unajua ulivyo mzito kwangu kuuma.

Ukikubali, weka sharti kabla hujasema ndiyo: waliokula ndio watakaoosha, na wewe uwe jikoni nao, si mlangoni unaagana na wageni. Mtafute yule mama wa Nigeria na Wakongo wapike vyao, wasiwe wasaidizi wako, muwe wapishi pamoja. Pilau yako punguza pilipili manga, na chochote chenye karanga kiandikiwe karatasi mezani, kwao ni jambo la kufa na kupona, si mchezo.

Kadi ya ahadi hukuniuliza, lakini andika kiasi kidogo utakachokilipa kweli, usiandike cha kuonekana. Na kile kisanduku cha buluu cha sadaka ya shukrani, kile ambacho akina mama wa Kanisa hilo walikianza mwaka 1889, mwachie mtoto atie sarafu mwenyewe. Nilipokuwa hapo alikuwa hawezi hata kushika kijiko.

Yule bibi bado yupo? Kama yupo, msalimie. Mwambie habari za Frank, umweleze vizuri, nisije nikafa na mume nisiyemjua.

Na mumeo anasemaje? Umeongea dakika nyingi hukumtaja hata mara moja, na yeye ndiye atakayebaki na mtoto hizo Jumamosi asubuhi za altare.

Mimi,
Mama yako