Naogopa kusafiri bila mume wangu

Shikamoo dada. Nina miaka 31, kwetu ni Tanga, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu ambaye ni raia wa Marekani. Niliingia huku kwa viza ya mke tarehe 14 Machi 2025, na grini kadi yangu ya masharti inaisha 14 Machi 2027. Mama atafanyiwa upasuaji wa nyonga Oktoba 2026 na mimi ndiye binti yake pekee, hivyo nataka kukaa naye miezi mitano. Mume wangu hapati likizo. Wenzangu wananiambia mwenye kadi ya miaka miwili akisafiri peke yake, akirudi huhesabiwa kuwa ameachika na hunyang'anywa kadi uwanjani. Je, ni kweli?
Binti wa Tanga

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguliwa.

Si kweli. Hakuna sheria inayomtaka mwenye ukaazi wa masharti kusafiri na mwenzi wake. Ukiwa na pasipoti na kadi ambayo haijaisha muda, unatoka na kurudi kama mkaazi mwingine yeyote. Nami nilikuwa na kadi kama yako nilipokwenda kumzika baba. Nilikaa wiki tano, mume wangu akabaki kwa sababu alikuwa zamu ya usiku. Niliporudi, afisa aliniuliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko kazini." Akauliza tunaishi wapi na nimekwenda kufanya nini, akanirudishia pasipoti. Magoti yalikuwa yananitetemeka, lakini sikuwa na la kuficha, na wewe huna. Jibu unachoulizwa, kwa ufupi, na ukweli mtupu.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kalenda. Masharti ya kadi yako huondolewa kwa fomu I-751, ambayo wewe na mumeo mnaijaza na kuisaini pamoja ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Nimekuhesabia: dirisha lako linafunguka 14 Desemba 2026. Miezi mitano kuanzia Oktoba inakufikisha Machi, siku ambazo kadi inakata roho, nawe uko Tanga. Fomu isipopelekwa kwa wakati, ukaazi unakoma na unaweza kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Hapo ndipo watu wanapoumia, halafu simulizi ikifika mtaani inageuka kuwa "alisafiri bila mume."

Ningekuwa wewe ningeigawa safari. Nenda mwanzoni mwa Oktoba, umuuguze mama katika zile wiki za kwanza ambazo hata kuinuka kitandani ni shida, kisha urudi kabla ya katikati ya Desemba. Pelekeni fomu mara dirisha linapofunguka. Ada ni dola 750 tangu Aprili 2024. USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, watawatumia barua ya kupokea fomu, na barua hiyo huongeza uhai wa kadi yako kwa miezi 48 kuanzia tarehe ya kuisha. Ukiwa nayo, unaweza kurudi tena kwa mama Januari au Februari.

Barua hiyo beba yenyewe halisi, pamoja na kadi, na usiiweke kwenye sanduku la kupakia. Mimi safari yangu ya pili kadi ilikuwa imekwisha muda, na kijana wa kaunta ya ndege akaniambia sipandi. Nilimwonyesha barua, hakuwahi kuiona maishani mwake. Akamwita mkubwa wake, nikasimama pembeni dakika arobaini abiria wote wakinitazama. Fika uwanjani mapema sana.

Kuhusu muda wa kukaa nje: ukizidisha siku 180, afisa ana haki ya kukuchunguza upya kama anayeomba kuingia, na hesabu yako ya uraia inaweza kukatika. Wewe unaihitaji hesabu hiyo, maana aliyeolewa na raia na kuishi naye anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi. Ukifikisha mwaka mzima, kadi peke yake haikurudishi. Anayejua atakawia kiasi hicho huomba kibali cha kurudi kwa fomu I-131, na lazima aiombe akiwa bado Marekani.

Na hili nakusihi ulishike. Ikitokea afisa akakuwekea mbele fomu I-407, hiyo ni ya kuukana ukaazi wako kwa hiari. Usiisaini kwa uchovu wala kwa kutishwa. Una haki ya kukataa na kusikilizwa na hakimu.

Ndoa yenu haipimwi uwanjani. Masharti haya yalitungwa mwaka 1986 ili kuzuia ndoa za makaratasi, na vielelezo vya ndoa ya kweli huambatanishwa na I-751: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, akaunti ya pamoja, kodi mliyowasilisha pamoja, bima, picha. Anzeni kuvikusanya sasa, kabla hujaondoka. Tunza hata tiketi yako, na karatasi za hospitali za mama, zitaeleza kwa nini ulikuwa mbali na mumeo.

Ukiwa Tanga katika safari ile ya pili, mumeo afungue kila barua inayoletwa nyumbani siku hiyo hiyo. Wito wa alama za vidole huja na tarehe yake, na kuomba kuisogeza mbele kabla ya siku yenyewe ni rahisi kuliko kueleza baadaye kwa nini hukutokea. Mwachie namba ya simu ya mtu aliye karibu na kitanda cha mama, ili akikukosa kwenye simu yako akupate kwa huyo.

Mpe mama pole yangu.